Mapitio: Masomo ya Jioni ya Kwanta na Vedanta Mjini Malindi

Katika nyumba moja ya wageni upande wa Casuarina, Malindi, kuna mfululizo wa masomo ya jioni kuhusu fizikia ya kwanta, yaani ile ya atomi na chembe ndogo, na Vedanta, yaani fikra za Kihindu juu ya uhalisia wa mwisho, kile ambacho Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, hukiita Brahman. Ada ni shilingi 4,000 kwa jioni zote sita, chai ya tangawizi na kaimati zikiwemo, na masomo hutolewa kwa Kiswahili, isipokuwa pale Kitaliano kinapochomoza kwa ajili ya wale wakazi wa siku nyingi ambao mji umekwisha kuwazoea. Nimehudhuria mfululizo wote, na hukumu yangu naitanguliza: jioni nne za kwanza zina thamani kupita ada yenyewe, ya tano ni ya wastani, na ya sita simshauri mtu ajisumbue kwenda.

Bango lililobandikwa kando ya barabara lilitangaza kwamba sayansi ya kisasa imethibitisha yale waliyoyajua wahenga wa India tangu miaka elfu tatu iliyopita. Mtu anayeijua mada hii angekuwa na haki ya kulipita bila kugeuka, kwa sababu maneno ya namna hiyo ndiyo yanayotumika kila mahali kuuzia mafuta, mawe ya rangi na vikao vya kuvuta pumzi. Wanaofundisha, hata hivyo, hawakuliandika wao, na walionekana kulionea haya. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa fizikia aliyefundisha katika shule za sekondari za pwani, mtu wa sauti ya chini na chaki nyingi. Wa pili ni mzee wa asili ya Kigujarati ambaye jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa pwani hii tangu enzi za majahazi ya msimu, na Kiswahili chake ni cha kiasi kwamba ukimsikia bila kumwona hutamdhania ila mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Wahudhuriaji humwita wa kwanza Mwalimu na wa pili Mzee, nami nitafanya hivyo.

Mwalimu hakuanza na falsafa. Alizima taa, akawasha tochi ndogo ya leza ya aina inayotumika kuonyeshea ubaoni, akauweka unywele mmoja mbele ya mwale, na ukutani, badala ya kivuli cha unywele, pakatokea safu ya madoa mekundu yaliyopishana na giza. Mwanga uliopita upande huu wa unywele na ule uliopita upande wa pili hukutana mbele. Pale vilele vya mawimbi vinapoangukiana mwanga huzidi, na pale kilele kinapokutana na bonde hufutana. Hilo lilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 19, Thomas Young alipoonyesha huko Uingereza kwamba mwanga una tabia ya wimbi. Linalotatiza ni kwamba elektroni, ambazo zilihesabiwa kuwa chembe, hufanya vivyo hivyo. Claus Jönsson alilionyesha jambo hilo Ujerumani mwaka 1961, na mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walizirusha elektroni mojamoja: kila moja ikaacha nukta moja tu kwenye kitambuzi, lakini nukta zilipokusanyika kwa maelfu zikajipanga katika mistari ileile ya mwanga na giza. Elektroni moja hutua mahali pamoja, na mahali hapo hapatabiriki. Hata hivyo uwezekano wa kutua hapa au pale hufuata wimbi, na wimbi hufuata mlinganyo ambao Erwin Schrödinger aliutoa mwaka 1926. Kwa jioni nzima hatukusikia neno moja juu ya roho wala ulimwengu kuwa ndoto. Tulielezwa nadharia inasema nini kabla ya kuelezwa watu wanasema nini juu yake, na utaratibu huo ni adimu katika mada hii.

Jioni ya pili ilikuwa ya Mzee, na hapo ndipo ada iliponirudia. Alikuja na bilauri ya maji aliyoitia chumvi tangu asubuhi, akaisimulia habari ya Uddalaka na mwanawe Shvetaketu iliyomo katika Upanishadi ya Chandogya: kijana amerudi kutoka masomoni akiwa amejaa majivuno, baba anamwamuru aitie chumvi majini, na kesho yake anamwambia aionje kutoka juu, kutoka katikati na kutoka chini. Chumvi haionekani popote na imo kila mahali. Ndivyo ulivyo uhalisia uliomo ndani ya vyote, baba anasema, na kile ndicho wewe. Kutoka hapo Mzee alituvusha hadi kwa Yajnavalkya, ambaye katika Upanishadi ya Brihadaranyaka anakataa kuieleza nafsi kwa sifa yoyote, akisema tu kwamba si hivi, wala si hivi. Kisha hadi kwa Shankara, mwanafalsafa anayewekwa na wengi katika karne ya 8, ambaye mfano wake wa kamba inayodhaniwa nyoka gizani umekuwa nguzo ya mafundisho ya Advaita, tawi la Vedanta linalosema vyote ni kimoja. Nyoka hayupo, lakini hofu ilikuwepo, na kamba ipo. Mzee alisisitiza jambo ambalo wengi hulipotosha, kwamba fundisho la maya, yaani kwamba ulimwengu unaoonekana si kama unavyodhaniwa, halimaanishi kuwa kiti ulichokalia hakipo. Linamaanisha kwamba kiti hakijitegemei katika kuwepo kwake, na kwamba anayekijua kiti ndiye anayepaswa kuulizwa habari zake. Akamalizia na Upanishadi ya Mandukya, ambayo ina beti 12 tu na inapita katika kuamka, kuota na usingizi mzito hadi hali ya nne isiyoelezeka kwa maneno. Sijapata kusikia maelezo ya Vedanta kwa Kiswahili yaliyokuwa wazi kiasi hicho, na yalitolewa bila karatasi mkononi.

Ukiziweka jioni hizo mbili pamoja unaliona tatizo la bango bila kuambiwa. Fizikia ya kwanta inauliza habari za kitu kinachopimwa: kipimo kikifanyika, matokeo gani yanaweza kutokea, na kwa uwezekano gani. Vedanta inauliza habari za yule anayejua, na jibu lake halina namba wala halitaki kuwa nayo. Kusema kwamba hizi mbili zimefikia mahali pamoja ni kudhani zilianza safari moja.

Somo la tatu lilikuwa la historia, na ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu lilitenganisha undugu wa kweli na ule wa kubuniwa. Undugu wa kweli upo. Schrödinger alikuwa msomaji wa mwanafalsafa wa Kijerumani Schopenhauer na wa Vedanta miaka mingi kabla ya kupata jina. Mwaka 1925, miezi michache kabla ya mlinganyo wake, aliandika insha ya falsafa inayotetea umoja wa nafsi zote, na kitabu chake cha mwaka 1944 kuhusu uhai kinamalizika kwa kurejelea Upanishadi waziwazi. Lakini Mwalimu aliuandika mlinganyo wenyewe ubaoni na kutuonyesha malighafi zake: mawimbi ya maada aliyoyapendekeza Louis de Broglie mwaka 1924, hesabu za mwendo za William Rowan Hamilton wa karne ya 19, na rangi za mwanga wa haidrojeni ambazo jibu lolote lilipaswa kuzitoa sawasawa. Hakuna hatua katika njia hiyo inayohitaji Brahman. Schrödinger aliamini mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja, na yeye mwenyewe hakudai kwamba la pili lilithibitishwa na la kwanza.

Kwa Werner Heisenberg, mwanzilishi mwingine wa kwanta, tarehe zinatosha. Kanuni yake ya kutokuwa na uhakika ni ya mwaka 1927. Safari yake ya India, alipozungumza na mshairi Rabindranath Tagore, ni ya mwaka 1929. J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki la Marekani, alijifunza Kisanskriti kwa Arthur Ryder huko Berkeley na kuisoma Bhagavad Gita, andiko la Kihindu, kwa lugha yake, na ule mstari wa sura ya 11 aliousema baadaye kuhusu jaribio la bomu la Julai 1945 unahusu wakati unaoangamiza na wajibu wa shujaa vitani, hauhusu elektroni. Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark ambaye hutajwa kila mara katika orodha hizi, aliweka katika nembo yake alama ya yin na yang, ambayo ni ya Kichina. Upande wa pili Mzee alitusimulia jinsi Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alivyoandika mwaka 1896 akitumaini kwamba Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme, angeonyesha kwa hesabu kuwa nguvu na maada ni kitu kimoja kwa asili, ili falsafa ya Vedanta ipate msingi wa kisayansi. Tesla hakuionyesha. Hamu ya kutafuta cheti kutoka maabara, kwa hiyo, ni ya zamani kuliko kwanta yenyewe.

Kama kuna mtu anatafuta mchango wa India katika fizikia hii, Mwalimu alimtaja, na nilifurahi. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, akifundisha Dhaka, alimtumia Albert Einstein makala fupi yenye njia mpya ya kuzihesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, na leo nusu ya chembe za ulimwengu, kwa maana ya aina zake mbili kuu, huitwa bosoni kwa jina lake. Alifika huko kwa hesabu. Mabango hayamtaji.

Jioni ya nne walimu walikaa pamoja, maswali yakaruhusiwa, na hapo ukumbi ulichangamka. Swali la kwanza lilikuwa lile linaloulizwa kila mahali: je, si kweli kwamba chembe hubadilika inapotazamwa, na kwa hiyo akili ya mtu ndiyo inayoumba ulimwengu? Mwalimu alijibu kwa kutumia kitu cha hapa hapa. Desemba 12 mwaka 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na ikawa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ndani yake kulikuwa na vyumba vya gesi. Fotoni ya eksirei ikiingia na kugonga atomi, huacha mpigo wa umeme, na mpigo unarekodiwa. Kila mpigo ni kipimo cha kwanta kilichokamilika, na hapakuwa na jicho la mtu huko juu. Orodha ya nyota na vyanzo vingine zaidi ya 300 iliyopatikana kwa njia hiyo ilisomwa baadaye na watu waliokuwa wamekaa ofisini, na hakuna aliyehitajika kuwa macho wakati fotoni inatua. Kijana mmoja wa Ngomeni aliyekuwa ameketi nyuma, ambaye amekua akiyaona majukwaa yale kutoka ufukweni, alicheka kwa fahari.

Mwalimu hakulifunga suala kwa ubabe, kwani suala la kipimo, yaani lini hasa uwezekano mwingi hugeuka tokeo moja, bado lina ubishi miongoni mwa wanafizikia wenyewe. Alieleza kwamba mwanahisabati John von Neumann, mwaka 1932, aliacha mwanya wa kuweka mpaka wa kipimo popote hata ndani ya ufahamu wa mtu, na kwamba mwanafizikia Eugene Wigner aliuingia mwanya huo katika miaka ya 1960, kisha akatoka mwenyewe. Alieleza pia jinsi hewa na mwanga vinavyokigonga kitu kikubwa bila kukoma hadi tabia yake ya mawimbi ipotee kabla hajaja mtu kutazama, jambo lililoanza kuchunguzwa kwa makini tangu mwaka 1970. Sehemu hii ilikuwa ngumu, na ingefaa ipewe muda zaidi.

Kisha akasimama ustadhi mmoja wa madrasa, ambaye alikuwa amehudhuria tangu mwanzo akiandika bila kusema.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Ukisema vyote ni kimoja, mimi nasikia kwamba Muumba na kiumbe ni kitu kimoja, na dini yangu inanikataza kusema hivyo. Sasa nauliza: fizikia ya Mwalimu imenisogeza kwako bila mimi kujua?"

"Marahaba, Ustadhi," Mzee alijibu. "Fizikia ya Mwalimu haikuleti kwangu, wala haikutoi kwako. Kama Upanishadi zilikuwa zinamngojea Schrödinger ndipo ziwe kweli, basi kwa miaka elfu mbili na zaidi zilikuwa uongo, na kesho mlinganyo ukirekebishwa zitakuwa uongo tena. Imani yangu siwezi kuiweka rehani kwa kitu ambacho kazi yake ni kurekebishwa."

Jibu hilo lingetosha kuwa somo zima. Lilimheshimu muulizaji, liliiacha fizikia huru kufanya kazi yake, na lilikataa sifa ambayo bango la nyumba hiyohiyo lilikuwa limeikubali kwa niaba yake.

Kuna kisa cha mji huu ambacho nilishangaa hakikutajwa na yeyote kati yao. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 alikuta majahazi ya wafanyabiashara wa India bandarini. Shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu wa msafara wake inaeleza kwamba Wahindi hao walipopanda melini walionyeshwa picha ya Mariamu na Yesu, wakainama, na baada ya hapo wakawa wanarudi kusali mbele yake na kuleta karafuu na pilipili manga. Wareno wakaandika kwamba wamewapata Wakristo. Walipofika Calicut wakaingia hekaluni wakidhani ni kanisa. Walikuwa wametoka kwao na matumaini ya kuwakuta Wakristo upande huu wa dunia, na kila walichokiona kilikaa vizuri ndani ya matumaini hayo: picha, ubani, kuinama. Kilichofanana kilikuwa halisi. Watu kweli waliinama. Kilichokosekana ni kuwauliza wanaoinama wanamwinamia nani. Mfululizo unaofanyika umbali mfupi kutoka nguzo ya Vasco da Gama ungeweza kuanza na kisa hiki na kuokoa maneno mengi.

Jioni ya tano ilihusu mfungamano wa chembe, na iliharakishwa. Tuliambiwa kwa usahihi kwamba mwaka 1964 John Bell alitoa hoja ya hesabu inayoweza kupimwa, kwamba majaribio ya Alain Aspect huko Ufaransa yaliyofikia kilele mwaka 1982 yaliafikiana na kwanta, na kwamba yeye, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Chembe mbili zilizotoka pamoja huonyesha ulinganifu ambao hauwezi kuelezwa kwa kudhani kila moja ilibeba majibu yake kutoka nyumbani. Kutoka hapo baadhi ya wahudhuriaji walirukia kwamba vyote vimeungana, na safari hii walimu hawakuwazuia vya kutosha. Mfungamano kwa kawaida hutokea kati ya vitu vilivyowahi kukutana, huvurugika kwa urahisi mno, na hauwezi kupeleka ujumbe. Zaidi ya hayo, hata kama mfano huu ungekubaliwa, ungekuwa mfano mbaya wa Advaita, kwa sababu mfungamano unahitaji viwili vilivyounganishwa, ilhali Advaita inasema cha pili hakipo.

Kuhusu jioni ya sita nitasema kwa ufupi. Alikaribishwa mgeni anayeuza maji ya chupa aliyodai yamepangwa upya kwa nguvu ya kwanta. Alipoulizwa nguvu hiyo hupimwa kwa kifaa gani, alizungumzia utayari wa moyo wa mnywaji. Mama mmoja mwenye kisukari alimuuliza kama anaweza kupunguza dawa, akajibiwa ausikilize mwili wake. Mwalimu alipinga hapo hapo na kumwambia mama asiguse dozi yake bila daktari, jambo linalompa heshima, lakini wenye nyumba ndio waliompa mgeni huyo kipaza sauti na meza ya kuuzia, na lawama hiyo ni yao.

Kwa upande wa huduma, ukumbi uko wazi pande tatu na upepo wa kusi unatosha kuwafukuza mbu wengi. Umeme ulikatika katikati ya somo la historia na jenereta ikachukua muda kuwaka. Karatasi za muhtasari ni nzuri, ila zinatoa picha ya Vedanta moja. Ramanuja na Madhva, wanafalsafa wa Vedanta ambao walimpinga Shankara vikali na ambao waumini wa Vishnu wengi humfuata mmojawapo kati yao, wametajwa kwa mstari mmoja. Kwa Ramanuja ulimwengu ni halisi na ni mwili wa Mungu. Kwa Madhva Mungu, nafsi na vitu ni tofauti milele. Wakipewa jioni ya sita badala ya maji ya chupa, hata yale maswali ya ustadhi yangepata wenzake ndani ya Uhindu wenyewe.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye bango: unaruhusiwa kulipia jioni mojamoja kwa shilingi 800. Nne za mwanzo ni shilingi 3,200, na nafasi za mbele, zilipo karibu na ubao, hujaa kabla ya magharibi.